Samaki aliyejeruhiwa: Prime, Stress Coat, StressGuard au chumvi tu?

Samaki akichubuka, wengi wetu hapa Nairobi humpigia simu aliyetuuzia, na jibu huwa ni lile lile: "Tia kondishena, bosi, atapona." Ushauri wenyewe si mbaya. Shida ni kwamba chupa zote zinazoitwa kondishena, yaani dawa za kutayarisha maji ya tangi, hukaa rafu moja, zina picha za samaki wanaofanana, na zote zinajisifu kwamba zinalinda ute, ilhali kazi zake ni tofauti. Kuna inayoondoa sumu majini na kuishia hapo. Kuna inayompaka samaki utando. Kuna ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya klorini kabisa, na anayeitegemea peke yake kwa maji ya mfereji anauguza kidonda kwa mkono mmoja na kukichoma kwa mwingine.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: kabla ya kuuliza ununue chupa ipi, jiulize maji yako yanatoka wapi. Mwenye maji ya mfereji kule Umoja na mwenye maji ya kisima kirefu kule Kilimani hawahitaji chupa moja, hata kama samaki wao wana vidonda vinavyofanana.

Kidonda kinataka nini

Damu ya samaki wa mtoni na ziwani ina takriban gramu 9 za chumvichumvi kwa kila lita. Maji ya mfereji hayafikii hata nusu gramu. Kwa hiyo maji humwingia samaki usiku na mchana, na figo zake hazipumziki kuyatoa, huku matamvua yakihangaika kurudisha chumvi inayopotea. Ngozi, magamba na ute ndivyo vinavyozuia uvujaji huo usizidi. Gamba likitoka, au ngozi ikichunwa na wavu, pale pamefunguka mlango wa njia mbili: maji yanaingia, chumvi inatoka, na bakteria wanaoishi kwenye tangi lolote lile wamepata pa kushika.

Ute hautoki kwenye chupa. Samaki mwenyewe ndiye anayeutengeneza, kwa seli zilizo kwenye ngozi yake, na huutengeneza vizuri akiwa hana msukosuko. Chupa inaweza kumwondolea kinachomchoma, au kuweka utando wa muda mahali palipochunika. Zaidi ya hayo ni maneno ya lebo.

Vinavyomchoma ni viwili hasa. Klorini hula matamvua na nyama iliyo wazi. Amonia, anayoitoa mwenyewe hasa kwa matamvua na inayotokana pia na chakula kilichooza, humdhoofisha hata kidonda kikakaa siku nyingi bila kufunga. Na amonia hubadilika ukali kufuatana na pH, kile kipimo cha tindikali au magadi ya maji. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inakuwa kama asilimia 5, na kwenye pH 8.5 inakaribia asilimia 15. Kipimo kile kile cha amonia ambacho jirani yako anakipuuza kinaweza kuwa msiba kwako.

Kuna jambo la tatu ambalo lebo za Marekani na Ujerumani haziligusi, kwa sababu hazikuandikwa kwa ajili ya mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Maji ya joto sawa hapa Nairobi hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko yangeshika Mombasa. Samaki mzima hulimudu hilo bila wewe kujua. Mgonjwa hana akiba. Na kondishena nyingi zinazoondoa klorini zina kemikali ambazo, zikizidi kipimo, huenda zikala pia oksijeni. Mfugaji wa Tampa, Marekani, anayejisifu kwamba alitia dozi mara tano na samaki hawakutikisika, hakuwa anaishi Ngong Road. Ukitaka kuongeza dozi, washa kwanza pampu ya hewa.

Maji yako ni ya wapi?

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na kusafishwa Ng'ethu, pamoja na yale ya Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Ni maji ya milima ya Aberdare, kwa hiyo ni laini, hayana madini mengi, na yametiwa klorini. Ulaini huo una faida na hasara. Faida ni kwamba amonia haina ukali mwingi. Hasara ni kwamba pH yake huyumba haraka, tangi likikaa bila kubadilishwa maji hushuka bila kutoa taarifa, na ukitia kitu chenye tindikali hushuka zaidi.

Halafu kuna mgao. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, yale ya kwanza huja na matope ya bomba na harufu ambayo haitabiriki. Leo hunusi chochote, wiki ijayo bafu zima linanuka kama bwawa la kuogelea. Mwenye tangi la plastiki juu ya paa huenda akachota maji ambayo klorini yake imekwisha kuruka. Huenda pia akachota yaliyojazwa saa moja iliyopita. Ndiyo maana nisingemshauri mtu akisie. Vile vibanzi vya kupimia klorini vinavyouzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea hufanya kazi hiyo vizuri, na pakiti moja hudumu.

Maji ya kisima kirefu, na yale ya boza ambayo mara nyingi ni ya kisima hicho hicho, ni hadithi nyingine. Kwa kawaida hayana klorini, isipokuwa mwenye boza ameitia mwenyewe, na wengine huitia kwa kukadiria. Visima vingi vya Nairobi vina floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaweka kuwa mwisho wa kunyweka, na maji yake huwa na magadimagadi, pH ikipanda juu ya 8. Kwa samaki mwenye kidonda, hapo adui si klorini tena. Ni amonia.

Prime

Hii ya Seachem ndiyo ningeinunua kama ningekuwa na fedha za chupa moja tu na maji yangu ni ya mfereji. Huondoa klorini papo hapo na huvunja kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Haina gundi wala shubiri ndani yake, haitoi povu, na haigombani na filta. Kipimo chake ni mililita 5 kwa lita 200, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unataka nusu mililita tu. Nusu mililita haipimiki kwa kifuniko. Nunua bomba la sindano la mililita 1 kwenye duka la dawa, tupa sindano, baki na bomba. Wenye vitangi vidogo vya beta (samaki mpiganaji) ndio wanaokosea sana hapa, maana wanamwaga "kidogo tu" na kile kidogo kinakuwa dozi ya tangi la lita mia.

Ukifungua chupa itakunukia kama kiberiti kilichochomwa au yai viza. Haijaharibika, ndivyo ilivyo.

Prime inasifiwa pia kwamba inafunga amonia isidhuru kwa siku moja au mbili mpaka bakteria wa filta waile. Mtengenezaji anasema hivyo, na wafugaji wengi huapa kwa hilo. Wengine waliopima wanabisha kwamba amonia kali haipungui. Mimi nasimama upande wa tahadhari: nitaitia, lakini nitabadilisha maji kana kwamba sikuitia. Na ukipima amonia baada ya kuitia, kipimo cha aina ya Nessler, kile kinachogeuka njano, kinaweza kukudanganya. Tumia kile kinachogeuka kijani.

Kuhusu kidonda chenyewe, lebo inasema inachochea ute. Usinunue Prime kwa ajili ya sentensi hiyo. Inunue kwa sababu maji yasiyo na klorini ndiyo dawa ya kwanza.

Stress Coat

Ya API, chupa inayojulikana kwa shubiri yake. Inaondoa klorini, na pamoja na hayo ina dondoo la shubiri na polima inayoshika palipochunika na kuacha utando mwembamba. Huo utando ni plasta ya muda tu. Hauponyeshi, ila unapunguza uvujaji wakati ngozi inajifunga yenyewe.

Ubora wake unaonekana kwenye aina moja ya jeraha: la eneo pana lisilo na kina. Samaki aliyeruka nje akapatikana sakafuni amejaa vumbi la zulia. Goldfishi aliyesafirishwa kwenye mfuko na wenzake wengi mpaka ute umetoka kama utando wa maziwa. Samaki aliyekimbizwa na wavu mkavu tangi zima. Kwa hao, Stress Coat ina maana kuliko Prime. Kwa pezi lililochanika mstari mmoja safi, sioni tofauti.

Mililita 5 hutosha kama lita 38, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unachukua mililita 2 na nusu hivi. Itatoa povu kidogo juu ya maji, hasa penye jiwe la hewa, na kioo kinaweza kuteleza ukikipitisha kidole. Ukiitia kila siku kwa wiki nzima bila kubadilisha maji, ule utelezi unakuwa kero, na mabaki yake yakioza hula oksijeni. Ondoa mkaa kwenye filta unapoitumia kwa ajili ya kidonda, la sivyo unanunua vitu viwili vinavyopigana.

Neno kuhusu shubiri: kuna watu wanaokata shubiri mbichi iliyo kwenye mkebe uani na kukamulia utomvu ndani ya tangi. Usifanye hivyo. Ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda ni mkali, na dondoo lililo kwenye chupa limeondolewa mambo hayo.

StressGuard

Nayo ni ya Seachem, na hii ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa sababu jina linafanana na Stress Coat na chupa inafanana na Prime. Ina protini zilizotengenezwa zitafute nyama iliyo wazi na kuishika, badala ya kujitandaza mwili mzima. Kwa jeraha la kina, la kung'atwa, lenye kingo nyeupe na gamba limeng'oka hadi ngozi ya chini ikaonekana, hii ndiyo ningeichagua kati ya zote za utando.

Lakini si ya kuondoa klorini. Narudia kwa sababu muuzaji huenda asikwambie: ukibadilisha maji ya mfereji huku una StressGuard peke yake, umemtia mgonjwa kwenye klorini. Lazima Prime au nyingine ya namna hiyo itangulie kwenye ndoo. Zile mbili hazigombani. Hapa Nairobi huipati kila duka, na ikipatikana bei yake haiwezi kufurahisha mtu mwenye tangi kubwa. Kwa tangi la karantini la lita 20 au 30 inavumilika.

AquaSafe, na ile chumvi ya wapiga picha

AquaSafe ya Tetra hufanya kazi inayosema: klorini, metali nzito, na kitu kidogo cha kulinda ute. Angalizo langu moja ni kuhusu chupa yenyewe. Iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya ina kipimo cha mililita 5 kwa lita 10. Ile ya Marekani ni mililita 5 kwa galoni 10, yaani lita 38. Zote mbili zinaweza kuwa kwenye duka moja. Soma lebo ya chupa uliyoishika mkononi, usisome ya mtandaoni.

Kuna pia sodiamu thiosalfeti, vipande vyeupe ambavyo zamani wapiga picha walitumia kusafishia filamu na bado vinauzwa na wauza kemikali za maabara. Gramu moja inatosha zaidi ya lita 50 za maji yenye miligramu 2 za klorini kwa lita. Kwa bei hakuna kinachoishinda. Haina plasta, haina habari na amonia, na ikivunja kloramini huacha amonia ikielea. Kwa mwenye matangi mengi na maji ya mfereji, ndiyo kondishena ya kila siku, kisha unahifadhi chupa ghali kwa ajili ya mgonjwa.

Bei dukani hupanda na kushuka, kwa hiyo badala ya kulinganisha bei ya chupa, linganisha mitungi:

| Chupa | Mtungi wa lita 20 | Mililita 100 hutibu |
|---|---|---|
| Prime | 0.5 ml | mitungi 200 |
| Stress Coat | 2.6 ml hivi | mitungi 38 hivi |
| AquaSafe ya Ulaya | 10 ml | mitungi 10 |

Chupa ya Prime inaweza kuwa ghali mara tatu kuliko ya AquaSafe yenye ujazo sawa na bado ikawa rahisi mara kadhaa. Wengi hawafanyi hesabu hii. Wanaangalia chupa iliyo kubwa.

Chumvi

Chumvi si kondishena, lakini ulinganisho wa kondishena za kuponya vidonda bila chumvi ni nusu ya habari. Kwa samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi, gramu 1 hadi 3 kwa lita hupunguza ile tofauti ya chumvi kati ya damu na maji, na figo zinapumua. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli. Humsaidia samaki aliyevuja, nayo pia huwasumbua baadhi ya vijidudu na ukungu.

Mtungi wa lita 20 kwa kipimo cha gramu 1 unataka gramu 20, yaani kijiko kikubwa kilichojaa na kidogo zaidi. Ikiyeyushwa kwenye kikombe cha maji ya tangi na kumiminwa polepole kwa saa kadhaa, haina matata. Usitupie punje moja kwa moja, maana kambare wadogo na samaki wa chini hulala juu yake na kuungua. Na wao kwa jumla hawaipendi, wala mimea haiipendi. Chumvi haivukizi: maji yakipungua kwa jua au hita, jaza maji matupu bila kuongeza chumvi. Itatoka tu unapobadilisha maji.

Chumvi ya mawe, ile isiyosagwa inayotoka upande wa Gongoni na Malindi, inafaa vizuri kuliko yote. Chumvi ya mezani ya Kenya ina iodini kwa mujibu wa sheria, na iodini hiyo ni chembe ndogo isiyopaswa kumtisha mtu. Unayopaswa kuiogopa ni magadi. Kwenye meza nyingi za sokoni magadi na chumvi ya mawe hupangwa jirani, vipande vya kijivujivu kwa vyeupe, na ukimtuma mtoto sokoni anaweza kurudi na kile cha kulainishia githeri. Magadi hupandisha pH kwa kasi, na nimeshasema pH ikipanda amonia inafanya nini. Ukiwa na shaka, onja. Magadi yana ladha ya sabuni.

Kwa maji ya kisima, chumvi ndiyo mshindi wa ulinganisho huu, tena bila kutoa jasho. Klorini hakuna, kwa hiyo nusu ya kazi ya chupa nyingi hapo juu haipo.

Mkungu na Melafix, kwa kifupi

Majani makavu ya mkungu, mti wa pwani uitwao pia Indian almond, yanapatikana bure kwa yeyote mwenye jamaa Mombasa au Kilifi. Yakilowekwa hutoa rangi ya chai na tanini, ambazo maabara zimeonyesha zinazuia baadhi ya bakteria. Beta na samaki wa mito yenye maji meusi huyapenda. Kwa maji yetu laini ya mfereji yanashusha pH, kwa hiyo anza na jani moja kwa lita 40 na uone. Okota yaliyoanguka yenyewe mbali na barabara na dawa za wadudu, yaoshe, yakaushe. Ni nyongeza nzuri, haichukui nafasi ya kuondoa klorini.

Melafix ya API si kondishena, ni mafuta ya mti wa jamii ya mkajaputi yaliyochanganywa na maji. Wengine huisifia kwa mapezi yaliyochanika. Kwa beta na gurami, wanaopumua hewa ya juu ya maji, wengi wetu hatuiweki, na API wenyewe wanauza Bettafix iliyo hafifu zaidi. Mimi fedha hiyo ningeitumia kwa hita.

Hita si mzaha. Julai hapa nyumba huwa baridi, na tangi lisilo na hita hulala chini ya nyuzi 20. Goldfishi anavumilia. Gapi, mbuna (samaki wa miamba ya Ziwa Malawi) na beta hawaponi kwa baridi hiyo, kwa sababu kinga yao inazubaa. Wengi wanaolalamika kwamba Stress Coat haifanyi kazi wana tatizo la nyuzi, si la chupa.

Nani achukue ipi

Mbuna. Hawa ndio wanaoleta vidonda vingi zaidi, maana dume mmoja akikamata pembe ya mwamba hakuna amani. Utamkuta aliyepigwa kajibanza juu nyuma ya hita, mkia umeliwa mpaka mishipa ya pezi inaning'inia kama nyuzi, na ubavuni pana doa la kijivu lisilo na mng'ao, magamba matatu au manne hayapo. Kwanza mtoe humo. Hakuna chupa inayomsaidia samaki anayeendelea kupigwa. Tangi la karantini, ndoo ya lita 20 ya plastiki isiyowahi kuona sabuni ni tosha, hita, jiwe la hewa, na bomba la PVC la kujifichia. Maji ya mfereji: Prime, kisha StressGuard kama ipo, au chumvi gramu 2 kwa lita kama haipo. Mbuna wanavumilia chumvi vizuri, na wanahitaji maji magumu hata wakiwa wazima. Lakini ndoo hiyo haina filta iliyokomaa, na pH yao ni ya juu, kwa hiyo badilisha theluthi ya maji kila siku, kwa maji ya joto lile lile.

Baada ya siku chache kingo za pezi huanza kuota kitu chepesi kisicho na rangi, kama nailoni. Hicho ni pezi jipya, rangi hufuata baadaye. Watu wengi huona ile sehemu angavu wakadhani ni ukungu na kuanza kumimina dawa juu ya samaki anayepona.

Goldfishi aliyetoka dukani amechubuka, maji ya mfereji. Huyu ni wa Stress Coat, dozi ya kwanza kwenye maji mapya, kisha kwa kila ndoo ya kubadilishia. Hita si lazima. Ukiona baadaye madoa meusi yamejitokeza mahali palipoungua, mara nyingi ni dalili ya kupona kutokana na amonia, si ugonjwa mpya. Chunguza maji, usimkamate samaki.

Samaki yeyote kwenye maji ya kisima Kilimani, Karen, Ruaka na kwingineko. Usinunue kondishena kwa ajili ya klorini mpaka kibanzi kikuonyeshe kwamba ipo. Nunua kipimo cha amonia. Chumvi, isipokuwa kwa kambare wadogo, ambao nitawapa StressGuard. Lisha kidogo, siku moja ndiyo siku moja siyo, ili amonia isipande. Kama unaweza kupata mitungi miwili ya maji ya mvua au ya mfereji yaliyoondolewa klorini ya kuchanganya na ya kisima, pH itashuka taratibu, na taratibu ndiyo inayotakiwa.

Beta wa ofisini kwenye kitangi cha lita 10, pezi limenaswa na mmea wa plastiki. Robo mililita ya Prime kwa bomba la sindano, jani dogo la mkungu, mmea wa plastiki utupwe. Zaidi ya hapo ni kumchosha.

Mwenye matangi mengi na kipato cha kawaida: thiosalfeti kwa kazi za kila siku, chumvi ya mawe kabatini, na chupa ndogo ya Stress Coat kwa wale wanaoruka nje.

Usichanganye Prime na Stress Coat kwenye ndoo moja kwa kudhani mbili ni bora. Zote zinaondoa klorini, na ile ziada haiendi kwenye kidonda, inaenda kutafuta oksijeni.

Mahali ambapo kondishena imefika mwisho

Pamba nyeupe inayoota juu ya kidonda, wekundu unaosambaa chini ya ngozi, magamba yaliyosimama, shimo linalozidi kuingia ndani, au samaki anayepumua juu juu huku wenzake wametulia: hayo si ya chupa za rafu hii tena. Pamba inaweza kuwa ukungu, inaweza kuwa bakteria wa kolamunarisi, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kolamunarisi husambaa haraka zaidi maji yakiwa na joto, kwa hiyo usipandishe hita kabla ya kujua. Na usifungue kapsuli za tetrasaiklini kutoka duka la dawa ukazimwaga tangini. Zinaweza kuua bakteria wa filta, amonia inapanda, na waliokuwa wazima wanaungana na mgonjwa.

Mtafute daktari wa mifugo aliyezoea samaki. Wapo wachache, lakini Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo pale Upper Kabete, na huko unaweza kuanza kuulizia. Enda na video ya samaki akiogelea iliyopigwa kwa ubavu, maji ya tangi kwenye chupa safi iliyojazwa pomoni, na karatasi yenye kila kitu ulichomimina, kiasi gani na siku gani, hata vile ambavyo unaona aibu kuvitaja.